Kondoa na Chuo Kikuu: Tumezoea Kuhesabu Wanaoingia

Kutoka Kondoa mjini hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 160, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, safari iliyokuwa ya kutwa nzima katika vumbi, na ya kukwama njiani wakati wa mvua, imekuwa ya saa chache. Mwisho wa safari hiyo kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya Chimwaga kikiwa na lengo la kuchukua wanafunzi 40,000. Hakuna kizazi cha Warangi, Wasandawe, Waburunge au Waalagwa kilichowahi kuishi karibu na chuo kikuu kiasi hiki. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba swali la elimu ya juu kwa watoto wa nyanda kavu za kati limekwisha kujibiwa, na kilichobaki ni juhudi ya mtoto mwenyewe. Historia haiungi mkono imani hiyo. Kwa zaidi ya miaka 60 Afrika Mashariki imebuni njia nyingi za kuwainua waliowekwa kando na elimu ya juu: ndege za kwenda Marekani, mgao wa nafasi kwa mikoa, kozi za awali kwa wasichana, mikopo ya serikali. Karibu njia zote hizo zimepimwa kwa idadi ya walioingia. Kipimo hicho kimetupotosha mara kwa mara, na waliolipia zaidi upotofu huo ni watoto wa wilaya kama Kondoa.

Tofauti kati ya wilaya hizo na nyingine ilitengenezwa. Serikali ya kikoloni iligawa elimu ya Tanganyika kwa rangi, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fedha zake, na Mwafrika akiwa wa mwisho. Ndani ya fungu hilo dogo la Mwafrika kulikuwa na mgawanyiko wa pili, wa mahali. Shule nyingi zilijengwa na misheni, na misheni zilistawi Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, kulikokuwa na mvua, kahawa na watu waliobatizwa mapema. Tabora, shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925, ililenga kwanza watoto wa machifu. Kondoa ilikuwa kituo cha njia za misafara, Uislamu ulikuwa umekita mizizi, na mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kuhofia kwamba shule ya misheni ingemrudishia mtoto mwenye jina jingine. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1945, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kujenga shule, lakini ilianza ikiwa nyuma kwa zaidi ya nusu karne. Kijana wa Kondoa aliyetaka sekondari ilimbidi aende mbali, na aliyetaka chuo kikuu alikuwa na Makerere tu, ng'ambo ya ziwa, chuo kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922 na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949.

Mpango wa kwanza mkubwa wa kuvunja ukuta huo haukutoka serikalini. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliosaidia kuchangisha nauli walikuwa Wamarekani weusi mashuhuri, Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na mlango ukafunguliwa kwa vijana wa Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini zaidi. Hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamepita katika mpango huo. Maofisa wa Kiingereza waliubeza tangu mwanzo. Walisema vijana hao hawakuwa na cheti cha Cambridge cha kiwango kinachotakiwa, kwamba vyuo vidogo vilivyowapokea havikuwa na hadhi, na kwamba wangerudi na shahada zisizo na thamani. Yaani walimpima mwanafunzi kwa karatasi aliyoshika mlangoni. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa walioondoka mwaka 1960, akaenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha masista huko Kansas. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alumni wa ndege zile walijaza wizara, mabunge na kumbi za mihadhara za nchi zilizokuwa zinapata uhuru. Kipimo cha maofisa kilishindwa waziwazi.

Hata hivyo haitoshi kushangilia. Anayepima kwa haki lazima aulize: je, vijana hao walifanikiwa kwa sababu ya mpango, au mpango ulichagua vijana ambao wangefanikiwa popote? Waliopanda ndege walikuwa wamekwisha kupita vichujio vingi. Walikuwa na barua za vyuo mkononi, ndugu waliochanga, na mara nyingi makazi yaliyo karibu na shule, magazeti na siasa za mijini. Mtoto wa vijiji kama Mnenia au Kwa Mtoro hakuwa katika foleni hiyo. Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutaja majina makubwa, kwa sababu majina makubwa ni ya wachache na kila mpango unao wake. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mpango ule haukumwacha mwanafunzi uwanja wa ndege. Kulikuwa na familia za wenyeji zilizompokea, kazi ndogo za kumpa fedha za matumizi, na watu wa kumwandikia alipokwama. Sehemu hiyo, ya kukaa na mwanafunzi baada ya kumwingiza, ndiyo mipango yetu wenyewe iliyofuata iliisahau.

Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwezi Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14 wa sheria. Kwa nchi ya aina hiyo ilikuwa haki kwanza kuhesabu vichwa. Lakini mapema ikaonekana kwamba vichwa vilivyohesabiwa vilitoka sehemu zilezile za kahawa na misheni. Serikali ilitaifisha shule mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 ikaweka mgao wa nafasi za Kidato cha Kwanza kwa mikoa, ili mtoto wa Dodoma ashindane na mtoto wa Dodoma, si na mtoto wa Moshi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi likataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, wapate ridhaa ya mahali pa kazi. Nia ilikuwa njema, kumfungulia mlango mfanyakazi na mkulima, lakini idadi ya wanawake chuoni ilishuka, maana kwa wengi miaka ya kusubiri ilikuwa miaka ya ndoa na uzazi. Wanawake wakaondolewa katika sharti hilo baada ya muda mfupi. Nalitaja kwa heshima jambo hilo, kwa sababu ni moja ya nyakati chache ambapo mpango wa elimu nchini ulipimwa kwa matokeo yake na kurekebishwa upesi.

Mgao wa mikoa haukupata bahati hiyo. Katika ngazi ya Kidato cha Kwanza ulifanya kazi yake, na watoto wa mikoa iliyobaki nyuma waliingia sekondari kwa wingi ambao ushindani wa kitaifa usingeruhusu. Lakini uliishia hapo. Uchaguzi wa Kidato cha Tano ulirudi kwenye alama, na tofauti iliyofukuzwa mlangoni ikaingia dirishani. Wakati huohuo wazazi wa Kilimanjaro waliojiona wamenyimwa walijenga sekondari zao binafsi, hadi katika miaka ya 1980 mkoa huo ukawa tena na nafasi nyingi kuliko mikoa mingi, jambo ambalo watafiti kama Joel Samoff waliliandika mapema. Kondoa haikuwa na kahawa ya kujengea shule. Ilikuwa na mtama, uwele na mifugo, na mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mifugo iliondolewa katika zaidi ya kilomita za mraba 1,200 za ardhi iliyomomonyoka. Ardhi ilipona kwa kiasi kikubwa, na wanasayansi wameusifu mradi huo. Lakini serikali ilipoanza kudai uchangiaji wa gharama za elimu, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaya nyingi za eneo hilo hazikuwa na ng'ombe wa kuuza. Tena ndani ya mkoa mgao haukutenganisha mtoto wa ofisa wa Dodoma mjini na mtoto wa kijiji cha Kolo. Wote waliandikwa "Dodoma", na kwenye takwimu mkoa ukaonekana umesaidiwa.

Kosa hilohilo lilijirudia katika mipango ya wasichana. Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 mwaka 1990, na sehemu yao chuoni ikapanda kutoka kama robo hadi zaidi ya theluthi ndani ya miaka kumi hivi. Dar es Salaam ilichagua njia tofauti. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 Kitivo cha Sayansi kiliwaita wasichana waliokosa pointi kidogo, kikawafundisha kwa wiki kadhaa, kikawapa mtihani, na waliofaulu wakasajiliwa. Uhandisi ukafuata katika muongo uliofuata. Naiona njia ya Dar es Salaam kuwa bora, kwa sababu inampa msichana maarifa pamoja na nafasi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Cape Coast cha Ghana na Sussex cha Uingereza walipochunguza ushiriki katika elimu ya juu kati ya mwaka 2007 na 2010, hawakuishia kuhesabu wanawake. Waliangalia jinsia pamoja na umaskini na umri. Wakakuta kwamba kozi iliyojaa wanawake inaweza kuwa haina karibu mwanamke yeyote wa kaya maskini. Uganda nako uchunguzi ulionyesha kuwa pointi 1.5 ziliwafaidi zaidi mabinti wa shule nzuri za Kampala na viunga vyake. Mpango ulikuwa umefaulu katika hesabu yake, na msichana ambaye jina lake lilitumika kuuombea fedha alikuwa bado yuko kijijini.

Wamarekani weusi wamelipitia swali hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na yako ya kujifunza kwao. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha hisabati Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walianguka katika kalkulasi. Wahadhiri wenzake walikuwa na majibu tayari: hawana ari, familia haziwasukumi, wametoka shule mbovu. Treisman akawafuatilia wanafunzi hadi mabwenini. Aligundua kuwa weusi walisoma kwa bidii lakini kila mmoja peke yake, wakati wenzao wenye asili ya China walikaa pamoja, wakasahihishana na kuulizana. Akaanzisha vikundi vya kutatua maswali magumu, bila kuwarudisha kwenye hesabu za kitoto, na matokeo yakabadilika. Huko Maryland, mpango wa Meyerhoff ulioanza mwaka 1988 ulipima wanafunzi wake kwa kuwalinganisha na vijana waliopewa nafasi hiyohiyo wakachagua kwenda kwingine, watu wa uwezo uleule. Na Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chenye weusi wengi na maskini wengi, kilipoanzisha mpango wa kuwapa wanafunzi nauli, vitabu na mshauri asiyelemewa na watu wengi, watafiti waliwagawa waombaji kwa kura. Baada ya miaka mitatu, 40 kati ya kila 100 waliopata msaada walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 kati ya wasioupata. Kwa kulinganisha namna hiyo tunaweza kusema mpango umefanya kazi bila kutegemea hisia wala picha za mahafali.

Turudi nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Ndiyo mpango mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na katika mwaka wa masomo 2023/24 bajeti ya mikopo ilivuka shilingi bilioni 700. Bila Bodi hiyo maelfu ya watoto wa wakulima wasingeona ukumbi wa mihadhara, na hilo lisemwe bila kusitasita. Lakini sikiliza taarifa zinazotangazwa: wangapi wamepangiwa, bilioni ngapi zimetolewa, bilioni ngapi zimerejeshwa. Hizo ni hesabu za mkopeshaji. Mwanafunzi wa Kondoa anakutana na mambo mengine. Anaomba kwa mtandao katikati ya mwaka, na lazima awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, saini ya serikali ya kijiji na muhuri wa kiapo, hata kama kijiji chake kiko mbali na mji. Akifika chuoni, bumu, yaani fedha za kujikimu, likichelewa anakopa chakula. Darasani anakutana na Kiingereza cha mhadhara, lugha ambayo shule yake ya kata ilimfundisha kwa shida. Tangu uchunguzi wa Criper na Dodd mwaka 1984 tunajua kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakielewi vya kutosha kujifunzia. Muhula wa kwanza unamletea sapu, yaani mtihani wa marudio, wa pili unaweza kumfanya adisko, yaani aondolewe masomoni. Katika vitabu vya Bodi ataonekana kama mnufaika, kisha kama mdaiwa. Amerudi nyumbani bila shahada lakini ana deni, na hilo ni pigo zito kuliko la yule ambaye hakuingia kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kumfuatilia na kumsaidia mwanafunzi dhaifu ni kushusha kiwango. Hoja hii ni ya zamani kama maofisa waliobeza ndege za Mboya, na inachanganya mambo mawili. Kiwango cha chuo kikuu kinalindwa kwenye mtihani wa mwisho, na msichana aliyepitia kozi ya awali hufanya mtihani uleule wa mwenzake. Kinachoshusha kiwango ni kumwingiza mtu na kumtelekeza, kisha kumbembeleza apite. Wengine wataogopa ukabila: tukianza kutaja wahitimu kwa wilaya, kesho tutawataja kwa kabila na dini. Hofu hiyo ina msingi. Sensa yetu haijauliza kabila tangu mwaka 1967, na nchi imefaidika na uamuzi huo. Lakini sipendekezi kuuliza kabila. Wilaya aliyosoma mtu shule ya msingi inatosha, pamoja na aina ya sekondari aliyotoka na kama kaya yake imo katika orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Mtoto wa mwalimu wa Kichaga aliyesoma shule ya msingi Bereko atahesabiwa Kondoa, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa alikalia madawati yaleyale.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema fedha ziende shule za msingi, kwani chuo kikuu ni kuchelewa. Ni kweli kwamba ujinga wa darasa la tatu hauondolewi kwa kozi ya wiki sita, na elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016, kisha ikapanda hadi Kidato cha Sita mwaka 2022, ni hatua kubwa kuliko mpango wowote wa chuoni. Ila mwanafunzi aliye Chimwaga leo hawezi kurudishwa darasa la tatu, na shilingi zilizokwisha kutumika kumfikisha hapo zinapotea zote akidisko. Kulinda mavuno ni kazi ya mkulima sawa na kupanda. Na gharama ya tathmini si hoja kubwa, kwa sababu takwimu zipo. Namba ya mtihani wa Kidato cha Nne humfuata mtu kutoka Baraza la Mitihani hadi Tume ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Mikopo. Kinachotakiwa ni taasisi hizo tatu kuunganisha kumbukumbu zao, kuondoa majina, na kutoa jedwali la kila mwaka.

Jedwali hilo lionyeshe, kwa kila wilaya, wangapi walianza, wangapi walivuka mwaka wa kwanza, wangapi walihitimu kwa wakati na wangapi waliacha wakiwa na deni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichojengwa katikati ya nyanda hizi, kingefaa kuanza bila kungoja wengine: kichukue wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi waliotoka shule za kata, kiwape vikundi vya kusomea na mshauri kwa kura, kisha kilinganishe baada ya miaka mitatu. Madiwani na wabunge wa Kondoa na Chemba wanaouliza kila mwaka vijana wangapi wamepata mkopo waongeze swali la pili, wangapi wamemaliza, na wasikubali kujibiwa kwa idadi ya walioingia.